Sabufa kwenye stirio ya nyumbani: krosova ya umeme, nyaya za spika au tundu la SUB OUT?

Kabla hujatoa hela yoyote, chukua tochi uende nyuma ya amplifaya yako. Ivute kidogo kutoka kabatini, pangusa vumbi, usome maandishi madogo yaliyo juu ya kila tundu. Nusu ya maswali ninayoulizwa kuhusu sabufa, majibu yake yako pale nyuma. Nimemwona mtu akinunua krosova nzuri kabisa, akafika nayo nyumbani akakuta amplifaya yake haina mahali pa kuipokea. Nimemwona na mwingine akihangaika kuchubua nyaya za spika, kumbe matundu ya kazi hiyo alikuwa nayo miaka yote, yameunganishwa kwa vipande viwili vya chuma ambavyo hakujua kwamba vinachomoka.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Huku kwetu ukisema sabufa, wengi wanapata picha ya lile boksi la chini ya televisheni, lenye vispika viwili pembeni, rimoti na taa za rangi. Ile ni seti kamili, na sauti imeshagawanywa humo ndani. Mimi nazungumzia boksi la besi peke yake, linaloongezwa kwenye stirio ambayo tayari ina amplifaya yake na spika mbili nzuri.

Njia za kuliunganisha ni kadhaa, lakini zote zinatengana kwenye swali moja: besi nzito unaiondoa kwenye spika zako ukaikabidhi sabufa, au unaziachia spika besi yao yote na sabufa inaongezea chini yake? Krosova ya umeme inaondoa. Nyaya za spika na tundu la SUB OUT, kwenye amplifaya nyingi, zinaongezea tu. Dukani watu huulizana wati na inchi, swali hili halitajwi, na ndilo linaloamua kama utafurahi au utaizima sabufa baada ya mwezi.

Kazi yenyewe ya krosova

Ndani ya spika yako tayari kuna krosova: koili na kapasita chache zinazopeleka sauti nyembamba kwenye twita na sauti nzito kwenye koni kubwa. Hiyo inafanya kazi baada ya amplifaya, sauti ikiwa imeshapewa nguvu. Krosova ya umeme inakaa kabla ya amplifaya ya nguvu, mahali ambapo sauti bado ni dhaifu, volti moja au mbili kwa wingi. Ina plagi au adapta yake. Unaingiza kushoto na kulia, vinatoka vimegawanyika: kilicho juu ya, tuseme, 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde; namba ikishuka sauti inakuwa nzito) kinarudi kwenye amplifaya ya spika zako, na kilicho chini ya hapo kinakwenda kwenye sabufa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie koili na kapasita tu, maana fundi redio yeyote anazo. Piga hesabu. Kukata kwenye 80 Hz kwa spika ya omu 8, hata kwa mteremko mlegevu kuliko yote wa desibeli 6 kwa oktevu (sauti inashuka desibeli 6 kila masafa yanapozidi mara mbili au kupungua nusu), kunataka koili ya milihenri 16 upande wa sabufa na kapasita ya mikrofaradi 250 upande wa spika. Koili ya namna hiyo ni shaba nyingi, na ule urefu wa waya wake unakula nguvu ya amplifaya. Halafu spika yenyewe haitulii kwenye omu 8. Karibu na masafa ambayo koni inapenda kutetema yenyewe, ukinzani unapanda mara kadhaa, na hesabu yako inaharibika papo hapo. Krosova ya umeme haina habari na omu za spika yako.

Faida kubwa iko kwenye safari ya koni. Ukitaka sauti ibaki na ukubwa ule ule huku ukishuka oktevu moja, kutoka 80 Hz mpaka 40 Hz, koni lazima isafiri mara nne zaidi mbele na nyuma. Koni ya inchi 5 haina nafasi ya safari hiyo. Inajitahidi, inafika mwisho wa kamba yake, na kwa kuwa mwimbaji naye amebebwa na koni hiyo hiyo, sauti yake inatikisika pamoja na besi. Iondolee koni mzigo huo uone. Waliofunga krosova kwa mara ya kwanza, nikiwauliza wamesikia nini, hawaanzi na besi. Wanaanza na mwimbaji: maneno yamefunguka, na volyumu inapanda bila sauti kukwaruza.

Sasa chukua gitaa la besi. Nyuzi zake nne zikipigwa wazi zinatoa takriban 41, 55, 73 na 98 Hz. Ukikata kwenye 80 Hz, nyuzi tatu zinaangukia upande wa sabufa na mmoja unabaki kwa spika. Kwenye rumba mpiga besi hatulii juu ya uzi mmoja. Anapanda, anashuka, na kila baada ya noti chache anavuka mpaka. Mshono ukiwa mbaya utasikia noti moja inaruka na inayofuata inazama. Ukiwa mzuri, hujui ni boksi lipi linalopiga. Hicho ndicho kipimo ninachotumia kwa kila njia hapa chini.

Nyaya za spika

Hii ndiyo njia inayokubali karibu amplifaya yoyote, hata ile ya zamani isiyo na tundu la ziada. Sabufa nyingi zenye amplifaya ndani zina mahali pa kupokea sauti kutoka kwenye vifungio vile vile vinavyolisha spika. Unavuta waya mwembamba kutoka hapo mpaka kwenye sabufa, na spika zinabaki kama zilivyo. Sabufa hainyonyi nguvu kupitia waya huo, inasikiliza tu. Ukinzani wake ni mkubwa kiasi kwamba amplifaya haihisi kama kuna kilichoongezwa. Kampuni ya REL ya Uingereza imejenga jina lake juu ya njia hii. Kebo yake ina nyaya tatu: nyekundu kwa chanya ya kulia, njano kwa chanya ya kushoto, nyeusi kwa hasi.

Ninaipenda kwa sababu haiingizi kifaa chochote kati ya muziki na spika zako. Hakuna plagi ya ziada wala kelele ya ziada, na volyumu ya sabufa inafuata volyumu ya amplifaya yenyewe. Kama una spika za kusimama sakafuni zenye koni za inchi 8, zinazoshuka zenyewe mpaka karibu na 40 Hz, sidhani kama unahitaji zaidi ya hapa. Kata sabufa kwenye 40 au 45 Hz, iweke chini kiasi kwamba hujui kama inalia mpaka uizime, na kazi imeisha.

Kwa spika ndogo mambo hubadilika. Zinabaki na besi yao yote, kwa hiyo ile shida ya safari ya koni iko pale pale. Ukipandisha mpaka wa sabufa hadi 80 Hz ili isaidie, huku spika nazo zinashuka mpaka 55, basi kati ya 55 na 80 kuna maboksi matatu yanapiga noti moja. Besi inavimba. Watu wanaita hali hiyo besi nyingi na wengine wanaipenda kwa wiki mbili za mwanzo, lakini msikilize mpiga gitaa la besi: noti zake za katikati zote zimegeuka uji.

Kuna onyo moja, nalo ni la usalama wa vifaa. Viamplifaya vingi vidogo vya daraja D vinavyouzwa sasa hivi, vikiwemo vile vyenye chipu ya TPA3116, havina hasi ya kweli kwenye vifungio vya spika. Pande zote mbili zina sauti. Ukiunganisha waya mweusi wa sabufa kwenye hasi ya namna hiyo, na sabufa ikawa imeunganishwa na ardhi mahali pengine, unaweza kuunguza amplifaya. Kwa vifaa hivyo waya mweusi huwa unafungwa kwenye bodi ya chuma ya amplifaya au kwenye ardhi ya tundu la RCA (lile dogo la mviringo la kebo za sauti), kwa maelekezo ya mtengenezaji wa sabufa. Kama maelekezo hayapo, usijaribu.

SUB OUT, PRE OUT, na tundu la kukwepa

Amplifaya ikiwa na tundu la SUB OUT au PRE OUT, yanayotoa sauti iliyokwisha kupita kwenye volyumu lakini bado haijapewa nguvu, kebo moja ya RCA inatosha. Kwa masikio yangu matokeo hayana tofauti kubwa na ya nyaya za spika: mara nyingi spika bado zinapokea kila kitu, na krosova iliyomo ndani ya sabufa inakata upande wa sabufa pekee. Kilichoongezeka ni urahisi. Baadhi ya amplifaya mpya hata hivyo zina kichujio cha ndani kinachoziondolea spika besi pale SUB OUT inapowashwa, kwa hiyo soma kitabu chake kabla hujatafuta kifaa kingine.

Tundu la kukwepa ni REC OUT, au TAPE OUT kama linavyoandikwa kwenye amplifaya za enzi za kaseti. Linafanana kabisa na PRE OUT na mara nyingi liko jirani yake. Sauti yake inachukuliwa kabla ya kufika kwenye volyumu, kwa sababu kinasa sauti kilihitaji kiwango kisichobadilika. Nililitumia mara moja, usiku, nikiwa na haraka. Nilipopunguza volyumu spika zilinyamaza na sabufa ikaendelea kugonga kwa nguvu zake zote, na mtoto aliyekuwa amelala chumba cha pili akaamka analia. Pitisha kidole juu ya maandishi usome herufi kwa herufi.

Kwa wenye risiva ya sinema: krosova ya umeme mnayo tayari, iko ndani, ya dijitali. Ingia kwenye menyu ya spika, zipange kuwa SMALL hata kama ni kubwa kwa umbo, weka mpaka kwenye 80 Hz. Kisha upande wa sabufa zungusha nobu ya mpaka hadi mwisho wa juu, au washa swichi ya LFE inayokwepesha kichujio cha sabufa, ili vichujio viwili visikate sauti moja mara mbili. Msinunue krosova nyingine.

Krosova ya umeme ya analogi

Hapa ndipo swali la nyuma ya amplifaya linapouma. Krosova lazima iingie katikati, kati ya sehemu inayochagua chanzo na kupandisha volyumu, na sehemu ya nguvu inayosukuma spika. Amplifaya inayokubali hilo ina PRE OUT pamoja na MAIN IN, mlango wa kuingilia sehemu ya nguvu. NAD 3020 iliyoingia sokoni mwaka 1978 ilikuwa na matundu hayo yakiwa yameunganishwa kwa vyuma vyenye umbo la U, na amplifaya nyingi za miaka hiyo zilikuwa hivyo. Ndiyo maana nikikuta ya zamani iliyotunzwa vizuri siidharau. Unachomoa vyuma, unavihifadhi kwenye bahasha, na mahali pake unaweka kebo za kwenda na kurudi kwenye krosova. Mwenye priampu na amplifaya ya nguvu tofauti hana la kuwaza, nafasi iko wazi.

Amplifaya yako ikiwa haina MAIN IN, kuna mlango mmoja tu uliobaki: kama muziki wako wote unatoka kwenye kifaa kimoja chenye volyumu yake, kompyuta kwa mfano, weka krosova kati ya kifaa hicho na amplifaya, na kuanzia siku hiyo volyumu iongozwe kutoka kwenye kifaa. Volyumu ya amplifaya unaipanga mara moja na kuiacha, maana ukiigusa unabadilisha uwiano wa spika na sabufa.

Za analogi zinazopatikana kirahisi ni zile za kumbi na makanisa, kama Behringer CX2310 na dbx 223. Utazikuta kwa wauza vifaa vya muziki, Kariakoo kwa Dar es Salaam, Luthuli Avenue kwa Nairobi, mpya na zilizotumika. Zinakata kwa desibeli 24 kwa oktevu, kwa mpangilio wa Linkwitz-Riley. Jina hilo ni la wahandisi wawili waliokuwa Hewlett-Packard, Siegfried Linkwitz na Russ Riley, na makala iliyoueleza mpangilio huo ilitoka mwaka 1976. Uzuri wake ni kwamba kwenye mpaka kila upande umeshuka desibeli 6 na pande zote mbili zinakwenda kwa hatua moja, kwa hiyo zikijumlishwa hewani hakuna nundu wala shimo. Mpiga besi anavuka bila kujikwaa.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba spika yenyewe haikati chochote, na ya kwako inakata. Spika ya boksi lililozibwa hushuka kwa desibeli 12 kwa oktevu chini ya kiwango chake. Ikiwa inaanza kushuka hapo hapo kwenye 80 Hz, ukiongeza kichujio cha desibeli 12 jumla inakuwa 24, na ndio mpango ambao THX, wenye viwango vya sauti ya sinema, iliuweka kwa sinema za nyumbani: 12 kwa spika, 24 kwa sabufa, mpaka 80 Hz. Krosova za kumbini hazikupi chaguo hilo, zinatoa 24 pande zote. Kwa spika zinazoshuka mpaka 50 au chini sijaona likileta shida. Kwa spika ndogo sana panga mpaka juu kidogo, 90 au 100 Hz, na sabufa ikae karibu na spika, kwa sababu kuanzia hapo sikio linaanza kutambua sauti nzito inatokea upande gani.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Matundu yake mengi ni ya XLR, yale manene ya pini tatu, na ya kwako ni ya RCA, kwa hiyo utahitaji kebo za kubadilisha, na namna ya kufunga pini ya 3 itoe kwenye kijitabu cha kifaa badala ya kubahatisha. Viwango vya sauti vinatofautiana: kiwango cha kawaida cha vifaa vya kumbini ni volti 1.23, cha nyumbani ni volti 0.316, pengo la desibeli 12 hivi. Ukiitumia na spika zenye usikivu mkubwa unaweza kusikia mchakacho mwembamba kwenye twita chumba kikiwa kimya. Na ziangalie swichi ndogo. Kuna moja inayozidisha masafa mara kumi. Ikibonyezwa, 80 Hz inakuwa 800 Hz, sabufa inaanza kuongea na spika zinabaki nyembamba kama redio ya mkulima shambani. Ukisikia hivyo usimwite fundi, tazama swichi.

Ya dijitali

miniDSP 2x4 HD ndiyo ninayoielekeza zaidi. Ni kijiboksi kidogo chenye matundu mawili ya kuingia ya RCA, manne ya kutoka, na USB. Mteremko unachagua mwenyewe, mpaka unaandika kwa namba, na unaweza kuichelewesha sauti ya upande mmoja. Kila milisekunde moja ni kama sentimita 34 za hewa, kwa hiyo sabufa iliyo kwenye kona ya mbali inaweza kuletwa, kwa masikio, kwenye mstari mmoja na spika.

Lakini sababu ya kuinunua ni chumba. Sebule zetu nyingi ni tofali, plasta na sakafu ya saruji au vigae, hazina mbao wala mazulia mazito ya kumeza besi. Chumba cha urefu wa mita 4 kinakuwa na mlio wake karibu na 43 Hz, na 43 Hz ni pale pale ilipo F ya chini ya gitaa la besi. Katika chumba kama hicho kila mpiga besi anapogusa F, vikombe kabatini vinajibu. Krosova ya analogi haina la kufanya juu ya hilo. Ya dijitali inakata kijisehemu kile kile cha masafa, desibeli 6 au 8, na F inarudi kuwa noti kama nyingine.

Gharama yake ya pili ni kazi. Bila kipaza sauti cha kupimia, kama UMIK-1, na programu ya REW ambayo ni ya bure, utakuwa unapapasa gizani, na papaso la dijitali linaharibu haraka kuliko la analogi. Kama huna kompyuta wala hamu ya kukaa Jumamosi nzima ukitazama michoro, chukua ya analogi uridhike. Na ukiichukua, pitisha sauti yote ndani yake, spika na sabufa. Anayepitisha sabufa peke yake kwa kuogopa dijitali isiguse spika zake anasababisha sabufa ichelewe nyuma ya spika, na hapo krosova ya analogi ya bei ndogo ingemfaa zaidi. Wenye santuri watasema sauti yao haipaswi kugeuzwa namba. Nawaheshimu, lakini kwa masikio yangu F inayonguruma inaharibu santuri zaidi.

Boksi la fundi

Wengi huku hatununui sabufa yenye amplifaya ndani. Tunachukua spika ya gari ya inchi 12 ya omu 4, seremala anatengeneza boksi, na tunatafuta amplifaya ya kuisukuma. Kwa boksi hilo hakuna mjadala: halina krosova, halina pa kupokea nyaya za spika, na kulilisha sauti nzima ni kuligeuza spika mbovu. Krosova ya umeme ndiyo njia, na ya analogi inatosha. Upande wa sabufa unakwenda kwenye amplifaya yake. Hakikisha tu amplifaya hiyo inakubali omu 4, na kama unaitumia kwa kuunganisha njia zake mbili kuwa moja, nyingi haziruhusu omu 4 kwa mtindo huo. Iguse uone joto lake baada ya nusu saa, siyo baada ya wiki.

Mvumo

Kila kifaa cha ziada chenye plagi kinaweza kuleta mvumo wa 50 Hz, umeme wetu wenyewe, na 50 Hz ni katikati ya kazi ya sabufa. Nyaya za spika zinasumbuliwa na hili mara chache, krosova ya umeme mara nyingi zaidi. Anza kwa kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja ya ukutani. Tenga kebo za RCA mbali na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba. Bado ikivuma, tafuta transfoma ya kutenganisha ya RCA. Kuna fundi aliwahi kunishauri nikate ile pini ya ardhi kwenye plagi, na kweli mvumo ulikoma. Nilirudisha pini siku hiyo hiyo. Pini ile ndiyo inayokulinda siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, na watoto wanashika zile bodi.

Kuwasha nako kuna mpango: krosova kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Ukikosea, pigo moja linapita kwenye sabufa na utalisikia kifuani.

Kupanga

Nafasi ya sabufa naitafuta kwa kuibeba mpaka kwenye kiti ninachokaa, naiweka pale pale juu, natia wimbo wenye besi inayotembea, halafu napiga magoti na kuzunguka chumba kufuata kuta, sikio likiwa kwenye kimo cha boksi. Mahali ambapo noti zote zina uzito sawa naweka alama ya chaki. Sabufa inahamia pale. Kona mara nyingi inatoa besi kubwa kuliko kote na mara nyingi sio mahali penye alama.

Kama spika zako zina tundu la hewa, jaribu kuliziba kwa kipande cha sponji. Zinaanza kushuka taratibu kama boksi lililozibwa na mshono na sabufa unakuwa mwepesi. Halafu swichi ya fezi ya sabufa, 0 na 180, inayogeuza koni isukume pale ilipokuwa inavuta: chagua ile ambayo kitini inatoa besi nyingi zaidi kwenye noti za karibu na mpaka. Volyumu ya sabufa inakuja mwisho, na hiyo haipangwi na mtu mmoja, kwa sababu aliye nyuma ya sabufa hasikii kinachofika kitini.

Mara ya mwisho nilipofunga kwangu, mpwa wangu ndiye aliyekaa kitini. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na vidole kwenye nobu, rumba inapiga, napandisha kidogo kidogo. Nilimwambia asisubiri mtikisiko, afuate noti za besi moja moja zinavyoshuka. Alinyamaza muda mrefu, karibu wimbo mzima.

"Hapo, mjomba. Rudisha kidogo. Hapo hapo, usiguse tena."

Nilichukua penseli nikaweka alama kwenye bodi, pembeni ya nobu.